Kipindi cha Sanaa si Mapumziko

Katika ofisi nyingi za walimu hapa Kisumu kuna utani usiochuja. Mwalimu wa hisabati ameinamia rundo la madaftari, wa sanaa anapita na ndoo ya brashi, naye anaambiwa: "Wewe unalipwa kuchezesha watoto tu." Akisema kazi imemchosha, huchekwa.

Utani huo una hoja ndani yake. Matokeo ya hisabati yakishuka, mzazi hupiga simu. Mchoro ukiharibika hakuna anayepiga. Tena uchovu haukuzaliwa kwenye chumba cha sanaa. Walimu wanagenzi wa sekondari msingi (Gredi ya 7 hadi 9) waliogoma mwaka 2024 walikuwa wakipokea takriban Sh17,000 kwa mwezi, wa sayansi na wa sanaa sawia. Na ni kweli kwamba watoto hukimbilia kipindi cha sanaa, jambo ambalo wenzetu wengine wangelitamani.

Lakini hebu tupige hesabu. Kipindi ni dakika 40. Weka watoto 50 darasani, idadi isiyomshtua mtu yeyote anayezijua shule za mitaa yetu ya Nyalenda au Manyatta. Hapo kila mtoto ana sekunde 48 za mwalimu wake. Sasa toa dakika kumi za kugawa rangi na karatasi, na kumi nyingine za kuosha vyombo, mfereji ukiwa upande wa pili wa uwanja. Zimebaki sekunde 24. Kwa sekunde 24 huwezi hata kumwonyesha mtoto namna ya kushika brashi. Mwalimu wa historia akikatizwa, huendelea kesho pale alipoachia; udongo ulioachwa nusu hukauka na kupasuka.

Wanaosema mwalimu wa sanaa hana cha kusahihisha nao waangalie upya. Alama za tathmini za shuleni hupelekwa KNEC, baraza la mitihani la taifa, na ni asilimia 20 ya matokeo ya mwanafunzi wa Gredi ya 9. Kazi 50 za mikono haziingii mkobani kwenda kusahihishwa nyumbani, kwa hiyo mwalimu hubaki shuleni hadi jioni.

Masomo ya sekondari msingi yalipopunguzwa, sanaa ya kuchora, muziki na michezo vikafungwa kapu moja. Aliyesomea uchoraji sasa anafundisha noti za muziki na kupuliza kipenga uwanjani. Siku ya wazazi ikikaribia, bango ni lake. Tamasha la maigizo, mavazi ni yake. Ukuta wa Gredi ya 1 unataka ramani ya Afrika, naye anaitwa. Sijawahi kusikia mwalimu wa kemia akiombwa atengeneze sabuni ya vyoo vya shule.

Mwalimu mkuu naye ana lake. Mgao wa serikali kwa mwanafunzi wa sekondari msingi ni Sh15,042 kwa mwaka, na ukichelewa, fundi wa kuandika mabango hapatikani kwa mkopo. Kwa upande wa vifaa, mtaala unahimiza vile vya mazingira yetu: mafunjo ya ufuoni Dunga, udongo kama ule wa wafinyanzi wa Ilesi, Kakamega. Wazo ni zuri sana, ila mafunjo hayajileti. Rafiki yangu anayefundisha sanaa huyabeba kwa bodaboda, na nauli hutoka mfukoni mwake.

Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya kuainisha magonjwa na matatizo ya afya iliyopitishwa mwaka 2019, linautambua uchovu huu wa kazini kwa dalili tatu: kuishiwa nguvu, kuikinai kazi yenyewe, na kuhisi hufanyi lolote la maana. Rafiki yangu ana usingizi wa kutosha. Ya kwanza haijamfika. Ya pili ndiyo iliyonitia hofu. Mtu aliyekuwa akinionyesha michoro ya wanafunzi wake kwenye simu kabla hata ya salamu, siku hizi anawaambia, "Choreni mnachotaka," kisha anaketi.

Dawa anayoitaka haina gharama kubwa: vipindi viwili kati ya vitano vya wiki viunganishwe, ili kuosha brashi kuwe mara moja badala ya mbili. Mkuu wake alimjibu kwamba ratiba haivutiki. Katika shule za sekondari ratiba imevutwa miaka nenda miaka rudi kwa ajili ya maabara, wala hakuna aliyesema wa sayansi anadeka.