Manowari ya Kijerumani Inayovutwa na Punda

Ticha wetu wa Kiingereza cha usiku ana imani moja: hutembezi watalii Mji Mkongwe kama hujui maneno ya utawala. Mgeni akisimama mbele ya Beit el-Ajaib, jumba la Sayyid Barghash la mwaka 1883, hatakuuliza bei ya nanasi. Atakuuliza hapa palikuwa koloni au protektareti, na anataka jibu.

Basi tukakaririshwa vyeo vya wakubwa wa Kiingereza. India ilikuwa na vaisroi, Tanganyika ikawa na gavana, na sisi Unguja na Pemba tukaletewa rezidenti kuanzia 1913. Protektareti ya Waingereza tulikuwa tangu 1890: Sultani yuko kwenye kiti, bendera yake inapepea, amri inatoka kwengine. Muuza samaki anayekaa nyuma ya darasa akafahamu kuliko sote. "Yaani nyumba yako, ila ufunguo anao mlinzi." Ticha akaliandika ubaoni.

Balaa likaja na mtihani. Ticha hataki karatasi, anataka mchezo. Tuigize vita vya tarehe 27 Agosti 1896, kwa Kiingereza, uwanjani Kikwajuni, watu watazame. Sultani, Sayyid Hamad bin Thuwaini, kafariki tarehe 25, binamu yake Khalid bin Barghash kaingia kasri bila ya idhini ya Waingereza. Akapewa mpaka saa tatu asubuhi ashushe bendera na atoke. Hakutoka. Saa tatu na dakika mbili mizinga ikalia, na haikutimia saa moja vita vikawa vimekwisha.

Khalid nikawa mimi, wala si kwa ufasaha wa Kiingereza. Ami yangu ana joho. Joho jeusi, kasabu kuanzia shingoni mpaka chini, linanukia udi tangu harusi yake. Alinikabidhi na wasia mfupi: "Likipata doa, usilirudishe. Na wewe usirudi."

Ticha alishikilia jambo moja zaidi ya yote. Khalid alikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani, na Waingereza wakamngojea nje. Tarehe 2 Oktoba maji yakajaa, mashua ya manowari Seeadler ikasogea mpaka bustanini kwa ubalozi, akapanda bila ya kukanyaga ardhi ya Unguja, huyoo Dar es Salaam. "Usikanyage chini!" ticha akanihimiza wiki nzima, utasema jeshi la Waingereza bado limejibanza Kikwajuni.

Mashua hatuna. Tukakodi gari la punda lililotoka kushusha mchanga, tukalifunika shuka nyeupe na kuandika Seeadler kwa mkaa. Ubalozi tukauweka chini ya ngazi za yale majumba waliyoyajenga Wajerumani wa Mashariki baada ya Mapinduzi. Si Wajerumani wale wale, lakini kwa bajeti yetu walitosha.

Mwanzo mambo yalikwenda. Muuza samaki, ambaye ndiye konsuli Basil Cave, alitoa onyo lake kwa sauti ya mnadani hata paka wakasimama. Fataki ndizo zilizotuangusha. Tulikuwa na tano, moja kwa kila manowari ya Kiingereza, nazo zililala nje zikaingia umande. Saa ya vita hazikulia. Admirali Rawson wetu ikabidi apige mizinga kwa mdomo, "bum, bum", na kasri la maboksi likaangushwa kwa teke.

Nikakimbilia ngazini, kutoka ngazini nikarukia garini. Hapo mzee mmoja akamwambia mjukuu wake, kwa sauti iliyosikika, kwamba siku ile ya kweli upande wa Khalid walikufa na kujeruhiwa watu kiasi cha 500, na kwa Waingereza aliumia baharia mmoja tu. Uwanja ukanyamaza.

Fataki zikalia. Zote.

Punda sijui alikwenda vipi. Najua mimi nilivyokwenda. Nilikwenda kwa magoti, mikono miwili imeng'ang'ania ubao, mchanga unanirukia mdomoni, kilemba kinafunguka nyuma yangu mkia mrefu, na mwenye punda anakimbia akiapa kuwa mnyama wake ni mpole. Michenzani magari yakatupisha. Utingo mmoja wa daladala akanichungulia: "Sheikh, Amani? Siti moja!"

Punda alisimama Miembeni, ghafla, kwenye rundo la maganda ya matikiti. Juu ya maganda kuna turubai. Chini ya turubai kuna kinamama wamevaa sare, na beni limekaa tayari.

Joho, jambia, kilemba. Ungekuwa wewe ungefikiri nini?

Vigelegele! "Kaja na punda, kama mabwana harusi wa zamani!" Nikainua mikono kuwaeleza, wakadhani nawaamkia, beni likaanza. Nikamwagiwa marashi. Wakatandika busati kutoka garini mpaka mlangoni, kwa hiyo miguu yangu kweli haikugusa ardhi ya Unguja, ticha angefurahi. Mlangoni kasimama bi mkubwa mmoja, kanga kaivuta huku na huku.

"Hapiti mtu hapa bila ya kifungua mlango."

"Shikamoo bi mkubwa. Miye ni Sayyid Khalid."

"Ungekuwa hata Sayyid Barghash ungetoa pesa."

Bwana harusi mwenyewe akafika kwa gari lenye maua, joho jeusi, kasabu kuanzia shingoni mpaka chini. Tukatazamana. Kaka wa bibi harusi akakunja mikono ya kanzu. Namshukuru Mungu mwenye punda alifika akihema na akaeleza yote kwa pumzi moja, na bwana harusi akacheka mpaka akaegemea gari. Nikapelekwa kwa wapishi, nikapakuliwa biriani. Rojo lilianguka wapi, ami atajionea mwenyewe.

Tonge la tatu, ticha huyo, bendera kwapani. Mtihani haujesha, Khalid hajatoa neno la kuaga. Nikasimama na sahani mkononi, nikaaga kwa Kiingereza, wali mdomoni.

Bi mkubwa akauliza, "Anasemaje huyu?"

"Anasema anahamia Dar es Salaam."

"Na ahamie. Sahani aiache."