Kufuli la kivinjari halilindi kibodi

Mwulize fundi wa kompyuta leo kama kuna haja ya antivairasi, na huenda akakucheka. Vivinjari vimeimarika, atasema, Windows inakuja na ulinzi wake wa Microsoft, Defender, na karibu kila tovuti imesimba mawasiliano yake, yaani imeyageuza yasisomeke na wa njiani. Januari 2017 Robert O'Callahan, aliyewahi kuwa mhandisi wa Mozilla, watengenezaji wa kivinjari cha Firefox, aliandika bila kuuma maneno kwamba watu waachane na antivairasi za kununua, wabaki na ile ya Microsoft tu. Hoja zake zina uzito, nitazirudia. Tatizo ni tafsiri iliyoenea mitaani: kwamba kufuli likionekana kando ya anwani ya tovuti, basi unachoandika hapo kiko salama.

Kufuli lile lilikuwa linasema jambo moja tu, kwamba data ikishaondoka kwenye kivinjari chako, hakuna wa njiani atakayeisoma. Kwamba seva inayoipokea ni ya mwaminifu au ya tapeli, halikusema. Matapeli nao hupata vyeti vinavyoleta kufuli hilo, bure, kwa dakika chache. Google walichoka na mkanganyiko huo, na mwaka 2023 wakaiondoa alama hiyo kwenye kivinjari chao, Chrome ya kompyuta, na kuweka nyingine. Na kuhusu yanayotokea kabla data haijaondoka, halikusema lolote kabisa.

Na huko kabla ndiko wizi unakofanyika. Chukua Zeus, kirusi kilichojitokeza mwaka 2007. Hakikuhangaika kuvunja usimbaji. Kilijipachika ndani ya kivinjari, kikasubiri mtu ajaze fomu ya benki, kikachota jina na nywila kabla hazijasimbwa. Kibaya zaidi, kiliweza kuongeza kisanduku kwenye ukurasa halali. Hebu uone: anwani ni sahihi herufi kwa herufi, cheti ni cha benki yenyewe, nembo ni ile ile ya jana. Ila leo, chini ya nywila, pana nafasi mpya inayotaka namba ya siri ya kadi. Benki haina habari nayo, maana haikutoka kwao. Imechorwa ndani ya kompyuta yako. Nani angeshtuka? Sina hakika kama mimi ningeshtuka.

Kivinjari peke yake ni vigumu kukigundua kitu kilichokwishaingia ndani yake. Antivairasi inakaa nje: inakagua faili kabla halijafunguliwa, inaitilia shaka programu inayojipenyeza kwenye programu nyingine au kunasa kila kitufe kinachobonyezwa. Baadhi hufungua dirisha la pekee kwa ajili ya malipo. (Kile kibodi cha kwenye skrini wanachokitangaza sana, hicho sikitegemei. Zeus ilikuwa inapiga picha ya skrini kila kipanya kinapobofya.) Na wezi wa siku hizi hata hawasubiri uandike. RedLine, programu ya wizi ambayo seva zake zilikamatwa na polisi Oktoba 2024, ilikomba nywila zilizohifadhiwa pamoja na kuki (vifaili vinavyoiambia tovuti kwamba umeshaingia), na mwenye kuki yako anaweza kuingia kwenye akaunti bila kuulizwa nywila wala msimbo wa simu.

Sasa upande wa pili. Ili kuona ndani ya mawasiliano yaliyosimbwa, antivairasi nyingi hupachika cheti chao kwenye kompyuta na kukaa katikati yako na tovuti, zikifungua kila bahasha na kuifunga upya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, ulioshirikisha watu wa Google na Mozilla, ulikuta bidhaa nyingi zikiifunga vibaya kuliko zilivyoikuta. Halafu kuna Avast: kupitia kampuni yake tanzu, Jumpshot, iliuza taarifa za tovuti walizotembelea wateja wake. Jumpshot ilifungwa mwaka 2020, na mwaka 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ikaitoza Avast dola milioni 16.5. Kwa hilo sina utetezi.

Lakini dhambi hizo mbili zinahusu kuchungulia unachofanya kwenye tovuti, kazi ambayo kivinjari tayari kinajitosheleza nayo. Ukaguzi huo wa mawasiliano mara nyingi unaweza kuzimwa kwenye mipangilio, na ningeuzima. Orodha ya kurasa za kitapeli nayo vivinjari vikubwa vinayo. Kinachobaki ni ulinzi wa kompyuta yenyewe, na huo hata O'Callahan hakusema uondolewe: Defender aliyoibakiza ni antivairasi.

Wanaoufahamu umuhimu wake kuliko wote ni wezi. Programu za kulipia zinazogawiwa bure baada ya kuvunjwa ulinzi ni mojawapo ya njia kuu za kusambaza virusi vya aina ya RedLine. Fungua faili la maelekezo linaloambatana nazo, na mara nyingi utakuta agizo hili kabla ya lolote: zima antivairasi kwanza.