Mochwari za Dodoma zinahitaji chumba cha wafiwa, ila siyo kama cha huku

Jamani naombeni niseme hili, najua kuna watakaosema huyu kafika Marekani juzi tu kashaanza kutufundisha kuzika. Niko Columbus, Ohio, nafanya usafi kwenye nyumba ya mazishi, yaani zile kampuni ambazo ukifiwa ndo zinachukua mwili, zinauandaa, zinakuuzia jeneza na hata kuaga mara nyingi kunafanyikia humohumo. Majuzi walikuwa wanakarabati chumba cha familia, pale wafiwa wanapokaa kabla watu hawajaingia, na nikashangaa vitu walivyokuwa wanabishania.

Mfano sofa. Ile ya zamani ilikuwa laini unazama mpaka magoti yanakaribia kifua, wakaitoa kwa sababu bibi wa miaka 80 akishakaa hanyanyuki mpaka avutwe, na kuvutwa mbele za watu siku umefiwa na mumeo ni aibu nyingine, ikaja yenye mito migumu na mahali pa kushika ajisukume mwenyewe. Taa nyeupe za darini wakazing'oa, wakaweka za mezani zenye mwanga wa njano, wanasema ile nyeupe inamrudisha mtu wodini alikotoka. Na kuna mlango wa pembeni unaotokea moja kwa moja kwenye maegesho, ukizidiwa unatoka bila kukatiza katikati ya wageni. Huo mlango mi ndo nimeupenda kuliko vyote.

Ila sasa watu wenyewe! Wanakaa wanne watano, wananong'ona, kuaga ni masaa mawili matatu, wakiondoka na mimi naingia na mashine ya kufagia. Baada ya siku chache mtu yuko kazini, maana serikali kuu yao haina sheria inayomlazimisha bosi wa kampuni kukupa likizo ya msiba yenye malipo, wakati kwetu sheria ya kazi ya 2004 angalau inakupa siku 4 ukifiwa na mzazi, mwenza au mtoto. Kinachonivutia kwao ni bei, tangu 1984 ukienda kuulizia mazishi ni lazima upewe karatasi yenye bei ya kila huduma na unaondoka nayo. Kwetu mtu anapatana bei ya jeneza huku machozi yanamtoka.

Haya, tuje Dodoma. Msiba wa Nkuhungu au Chang'ombe hauhitaji mtaalamu wa kupanga sofa, turubai linafungwa mfiwa mwenyewe hata hajui limetoka wapi, kina mama ndani chini kwenye mikeka, wanaume nje kwenye viti vya plastiki, daftari la rambirambi linazunguka, masufuria yako motoni, na kila baada ya muda mtu anakuja anakaa pembeni yako hasemi kitu. Hapo sina cha kuongeza.

Shida yetu ni mochwari. Tangu serikali ianze kuhamia 2016 mji umejaa watu ambao kwao ni Bukoba, Songea, Moshi, wamepanga vyumba viwili, sasa mmoja akifariki mwili hauna nyumba ya kupitia, unatoka mochwari unaingia kwenye gari safari inaanza, kwa hiyo anaagwa palepale hospitali. Mwaka juzi nilikuja likizo nikakuta tunamtoa shemeji yangu, jina la mochwari silitaji, ilikuwa mwezi wa saba na ule upepo mnaujua, vumbi mpaka kwenye meno, tumesimama tangu alfajiri, mama yake mzazi katandikiwa kanga kwenye ukingo wa mtaro, choo tunaambiwa kafuateni jengo la wagonjwa, halafu mhudumu anatoka anaita jina la marehemu kama konda anayetafuta abiria. Yule mama aliposikia jina akataka kuinuka, akashindwa.

Kwa hiyo mi nachotaka ni banda kubwa, kubwa kweli, siyo chumba cha watu watano, maana sisi tunakuja na ukoo, ofisi nzima na kwaya. Ukuta uwe upande upepo unakotoka, kwingine wazi, AC ya nini wakati Dodoma ukipata kivuli na hewa inapita inatosha. Sakafu ya saruji laini ili mikeka itandikwe, mabenchi yenye migongo kwa wazee, maji, vyoo, na kona ya kuchemshia chai. Halafu pembeni kijumba kidogo chenye mlango wake wa kutokea, cha mjane au mzazi, na cha yule ndugu anayepelekwa kuutambua mwili, maana huyo akitoka mule ndani hatakiwi akutane na macho ya watu hamsini. Waislamu mtasema nyie mnazika siku hiyohiyo, sawa, lakini hata nyie kibali cha mazishi mnakisubiri mmesimama juani.

Hela ipo, tuache visingizio. Sisi wa nje kila msiba tunatumiwa meseji ya mchango na tunatuma, na zinaliwa zote kwenye pilau na fulana zenye picha ya marehemu. Kama kuna hospitali itatoa eneo, na fundi wa hukohuko akapiga hesabu ya tofali na bati ikabandikwa hapa tukaiona wote, mi bati za upande mmoja nazibeba.