Huu Ni Usukani

Jumatatu saa mbili kamili asubuhi nilifundishwa kwamba kile kidude cha mviringo kilicho mbele ya dereva kinaitwa usukani. Nikaandika kwenye daftari. Ningefanyaje? Kalamu ya bure, daftari la bure, na bosi kashasema: bila cheti cha udereva wa kujihami, hakuna kupanda gari. Siku tatu! Siku tatu bila safari maana yake siku tatu bila posho, na mama watoto haelewi habari za vyeti.

Mimi nilianza kuvuta tela Dar kwenda Tunduma mwaka 1998. Mwalimu wetu, kijana mtanashati wa shati lililonyooka kama halijawahi kuegemea kiti, kwa makadirio yangu mwaka huo alikuwa bado anabebwa mgongoni. Lakini ananiita "mzee wangu", kwa hiyo heshima ipo.

Tukaanza na milima. Akatupa picha ukutani: lori jekundu, lami kama kioo, pembeni theluji. Theluji! "Kwenye mteremko mkali tumia gia ndogo, usikalie breki." Kweli tupu, sibishi. Ila hilo hata wauza vitunguu wa Ruaha Mbuyuni wanalijua, maana mlima wa Kitonga wanauona kila siku. Gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Ukianza kukanyagakanyaga breki, upepo wa breki unaisha, na hapo kilichobaki ni kumtaja Mola kwa sauti.

Jumanne zikaja alama. Mwalimu akasema indiketa ya kulia maana yake gari linakata kulia. Ukumbi mzima tukaguna. Nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, uko nyuma ya lori, unataka kulipita, lenyewe likawasha ya kulia. Utafanya nini?"

"Nitasubiri likate kulia, mzee wangu."

"Kulia ni korongo."

Kimya. Nikamwelewesha taratibu: huyo wa mbele anakwambia tulia, kuna mwenzio anakuja. Akiwasha ya kushoto, pita. Na anayekuja akikuwashia taa huku kidole kinaelekeza chini, punguza mwendo, trafiki yupo. Kijana akasema hayo hayamo kwenye mtaala. Nikamjibu ndiyo maana nayasema.

Kwenye majani ndipo tulipokosana kabisa. Yeye anasema gari likiharibika weka reflekta. Sawa, sheria ndiyo hiyo, na mimi ninazo mbili. Lakini usiku, kwenye kona, ukikuta matawi mabichi yametupwa barabarani, dereva wa nchi hii hahitaji kuambiwa kitu: mbele kuna mwenzio amekwama. Mwalimu akasema hakuna alama ya barabarani inayoitwa majani. Utingo wangu angekuwepo angezimia.

Jumatano mtihani. Maswali 20, kuchagua a mpaka d. Swali la tisa: utajuaje kuwa mbele kuna gari limeharibika? Nikaongeza yangu mwenyewe, e) majani. Nikapigwa mkasi mwekundu. Jumla nikapata 12. Aliyeongoza, 19, ni kijana aliyeajiriwa mwezi uliopita, hajawahi kuvuka Chalinze. Alipongezwa, tukapiga makofi, akapigwa picha kashika cheti. Akaja kuniuliza, "Mzee, hivi Kitonga iko kabla ya Iringa au baada?"

Sasa hili lifuatalo naomba lisimfikie bosi. Jumanne mchana kijana alitupandisha kwenye gari, mmoja mmoja, kutufundisha kukaa. Kukaa! Nilipanda kwa hasira. Akasogeza kiti mbele kidogo, akalinyanyua egemeo, akaniambia mgongo uguse lote na mkono ukinyooka kifundo cha mkono kifike juu ya usukani. Nikacheka. Mimi miaka yote nalala kwenye kiti kama niko kibarazani.

Ijumaa nikapakia, nikaondoka. Kwa kawaida nikifika Mikumi kiuno kinakuwa kimeshakufa, nashuka kwenye gari kwa awamu. Safari hii nimefika nimeshuka kama kijana. Utingo akanitazama, akatazama kiti, akanitazama tena.

"Dingi, kiti umekisogeza?"

"Kimejisogeza chenyewe. Kaangalie matairi."