Pamba au flisi: mtoto alale na nini baridi ya Julai

Hapa Uyole, Juni ikishaingia, maji ya bomba asubuhi yanauma vidole. Mbeya mjini usiku wa Julai kipimajoto hushuka chini ya nyuzi 10, na ukipanda Makete hadi tambarare ya Kitulo, karibu mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, kuna asubuhi unakuta majani yamevaa barafu. Nyumba zetu hazina mitambo ya joto. Ni tofali na bati, na upepo unapita kati ya ukuta na paa. Usiku mtoto anapata joto kwa mwili wake, kwa nguo aliyovaa na kwa mtu aliyelala naye.

Binti yangu ana miaka miwili, na tangu Mei nimekuwa katikati ya mabishano. Kliniki, akina mama wenzangu wanasema flisi, kile kitambaa laini chenye manyoya ambacho rompa nyingi za watoto zimeshonwa nacho, ni plastiki iliyojaa kemikali, na mtoto avae pamba tupu. Mama mkwe wangu, aliyelea watoto saba Makete, aliwasikiliza siku moja akanigeukia: "Mwanangu, mtoto hakuulizi kitambaa kimetengenezwa na nini. Anakuuliza kama kina joto."

Nimelipima jambo hili kwa muda, na naona kila upande umeshika kweli moja na kuiacha nyingine.

Hofu ya kemikali haikuzuka hewani. Mwaka 1971 Marekani ilipitisha kanuni kwamba nguo za kulalia za watoto wadogo zisishike moto kirahisi, kwa sababu watoto walikuwa wanaungua ndani ya magauni yao ya pamba. Lengo lilikuwa jema. Viwanda vikalifikia kwa kutia kitambaa dawa ya kuzuia moto, na mojawapo iliitwa Tris. Mwaka 1977 wanakemia wawili wa California, Arlene Blum na Bruce Ames, waliandika kwamba dawa ile hubadili vinasaba, na kwamba mtoto anaweza kuipata kupitia ngozi au kwa kunyonya nguo yake. Mwaka huohuo nguo za watoto zenye Tris zikapigwa marufuku. Fikiria mzazi aliyenunua nguo ile kwa kuwa iliandikwa ni salama, akamvisha mwanawe kila usiku kwa miaka.

Kilichofuata ndicho kinachotuhusu zaidi, na ndicho sikusikia mtu akikitaja. Mwaka 1996 Wamarekani walilegeza kanuni: pamba isiyotiwa dawa ikaruhusiwa kwa nguo za kulalia za watoto, kwa sharti kwamba nguo ibane mwili. Maana yake ni rahisi. Moto unahitaji hewa. Nguo inayoning'inia ina hewa ndani na nje, na pindo lake hufika kwenye moto kabla mtoto hajafika. Nguo iliyokamata mwili haina nafasi hiyo, hivyo hushika moto kwa shida zaidi. Ndiyo sababu pajama nyingi za pamba zinazotoka Marekani zina lebo shingoni inayosema ivaliwe ikiwa imebana, kwa kuwa haizuii moto. Dawa iliondolewa, na mkato wa nguo ukachukua kazi yake.

Sasa twende soko la Mwanjelwa, hapa Mbeya. Nimesimama mbele ya marundo ya mitumba, nimeshika pajama ya pamba ya miaka miwili, nzuri kabisa, lebo yake bado ipo. Dada muuzaji ananitolea ya miaka minne: "Mama, chukua hii, atakua nayo." Nani kati yetu hajanunua hivyo? Hela ni ya kubana, mtoto anarefuka kila mwezi, na nguo ikivaliwa miaka miwili imelipa. Lakini kwa pajama ya pamba, kununua kubwa ni kuondoa kinga pekee iliyobaki. Mikono imekunjwa mara mbili, suruali inaburuta, fulana imekaa kama kengele, na asubuhi mtoto huyo anakimbilia jikoni kuota moto na bibi yake.

Hapo ndipo maisha yetu yanapotofautiana na ya waliotunga kanuni zile. Kwetu moto uko wazi, kwenye mafiga au kwenye jiko la mkaa, kimo cha kifua cha mtoto. Njombe na Makete watoto huvalishwa nguo za kulalia jioni, kisha familia nzima hukaa kuuzunguka moto hadi saa tatu. Kwa hiyo anayesema "pamba tupu" na kuishia hapo amesema nusu. Pamba huwaka haraka, na ile pamba yenye vinyweleo ambayo tunaipenda kwa joto lake huwaka haraka zaidi. Flisi ya poliesta, ile wanayoiita plastiki, haishiki moto upesi hivyo, ila ikishika huyeyuka na kugandia ngozi. Na sweta zetu nyingi za madukani, zilizofumwa kwa nyuzi za akriliki, huwaka vibaya na kudondosha matone ya moto. Sufu halisi ya kondoo ndiyo ngumu kuwaka kuliko zote hizo, bila dawa yoyote.

Kuzitambua si kazi. Chomoa uzi mmoja pindoni, uushike kwa koleo, uuwashe nje ya nyumba juu ya sahani. Pamba inanukia karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Sufu inanukia nywele. Poliesta inajikunja, inayeyuka, halafu inabaki shanga ndogo nyeusi, ngumu. Nilifanya hivyo na sweta tatu za binti yangu. Iliyonukia nywele ilikuwa moja, ile iliyosinyaa kwa kufuliwa na maji ya moto, ambayo niliipata kwa bei ya kutupa kwa sababu haikumtosha mtu mwingine yeyote.

Turudi kwenye kemikali, maana wanaoziogopa wanastahili jibu kamili. Poliesta, kwa namna inavyoyeyuka na kukwepa moto, huweza kufaulu vipimo vya Marekani bila kutiwa kitu, na flisi nyingi za watoto wa leo ziko hivyo. Kwa upande wa pili, pamba si lazima iwe safi kwa kuwa ni pamba. Nguo za pamba zilizotengenezwa zisijikunje mara nyingi hutiwa fomaldehaidi, inayowasha ngozi ya mtoto na kuleta vipele. Japani iliona uzito wa jambo hili mapema, na kwa sheria ya mwaka 1973 ikabana zaidi kiasi kinachoruhusiwa kwenye nguo za watoto walio chini ya miezi 24. Habari njema ni kwamba fomaldehaidi huyeyuka kwenye maji. Fua nguo mpya mara mbili, suuza vizuri, anika juani, na sehemu kubwa itakuwa imetoka. Ukikutana na lebo ya OEKO-TEX kwenye mtumba, ujue kitambaa kilipimwa kama kina kemikali zenye madhara. Watoto hadi miaka mitatu wana daraja lao lenye masharti makali kuliko mengine yote.

Pamba ya kilimo hai inalimwa hapahapa nchini, Meatu mkoani Simiyu, na inauzwa nje. Natamani siku moja nguo zake zirudi Mwanjelwa kwa bei ya mama wa kawaida.

Kuna kemikali moja ambayo sijasikia mtu akiipigia kelele kliniki, na mimi naiogopa kuliko Tris: vile vidonge vyeupe vya nafthalini tunavyoviweka sandukuni kuzuia nondo, wale wadudu wanaotoboa nguo. Shangazi anatoa nguo za mwanawe aliyekua, zinanuka vidonge, tunashukuru na kumvika mtoto usiku uleule. Kuna watu waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, na upungufu huo umeenea sana katika nchi zenye malaria kama yetu. Mtoto wa namna hiyo akivuta harufu ya nafthalini au nguo ikamgusa ngozi usiku kucha, chembe zake nyekundu za damu zinaweza kupasuka. Macho yanakuwa ya njano, mkojo unakuwa mweusi kama chai ya rangi, mtoto analegea. Hiyo ni safari ya hospitali siku hiyohiyo. Nguo yenye harufu ile ianikwe nje siku kadhaa na kufuliwa, na kama harufu bado ipo, mtoto asiivae.

Sasa joto lenyewe, ambalo mama mkwe anajua zaidi yangu. Pamba ikilowa haifai. Binti yangu ameanza kulala bila pampasi, na saa kumi alfajiri pajama ya pamba iliyolowa mkojo inamnyonya joto badala ya kumpa. Poliesta haishiki maji, inakauka upesi, na wenzetu wa Tukuyu, ambako ukungu na mvua vinaweza kuifanya nguo ya pamba ikae kwenye kamba siku tatu, wana sababu nzuri ya kuipenda flisi. Lakini kinyume chake nimekiona pia. Wiki ya kwanza ya baridi nilimvisha fulana, flisi nzito, soksi na kofia, juu yake mablanketi mawili. Saa tisa usiku nilipitisha mkono nyuma ya shingo yake: nywele zimelowa jasho, mgongo umelowa, na alipojifunua, jasho lile likaanza kumpoa mwilini. Mikono ilikuwa ya baridi muda wote, na mikono ndiyo iliyonidanganya niongeze nguo. Tangu hapo napima shingo. Na kofia haipandi kitandani, kwa kuwa mtoto aliyepata joto kupita kiasi hulipunguza kwa kichwa.

Nikiweka yote mezani, kwangu jambo zito kuliko kitambaa ni jiko la mkaa linaloingizwa chumbani ili mtoto asisikie baridi. Hewa ya kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na kila msimu wa baridi nyanda hizi zinazika watu waliolala na jiko. Mtoto akivaa vizuri, hakuna haja ya kuliingiza. Kwa sababu hiyo siwezi kuungana na anayemnyima mtoto flisi kwa hofu ya kemikali halafu akaacha mkaa unafuka miguuni pa kitanda.

Uamuzi wangu ni huu. Ndani, karibu na ngozi, pajama ya pamba ya saizi yake hasa, iliyofuliwa mara mbili. Nimenunua tatu ili moja ikilowa alfajiri nyingine iwe tayari, na akikua nitauza au nitagawa. Juu yake, lile sweta la sufu lililosinyaa. Soksi, blanketi moja, la pili likiwa limekunjwa pembeni.

Na ile rompa ya flisi ya miaka minne, zawadi ya mama mkwe, sikuitupa. Anaivalishwa asubuhi akitoka kitandani, anacheza nayo sebuleni hadi jua lipige uwanjani. Tumekubaliana na bibi yake kwamba kabla ya kukanyaga jikoni inavuliwa. Jumapili iliyopita nilimkuta amemzuia mlangoni, anamfungua vifungo kimoja kimoja, huku mtoto analia anataka kwenda kwenye moto.