Vizazi Vinne vya Nani?

Katika sherehe ya mahari huku Ibanda, mjini Bukavu, Kongo, chupa ya divai kutoka Afrika Kusini ilizungushwa mezani kama mtoto mchanga anayeonyeshwa wajomba, na kila aliyeipokea alisoma lebo kwa sauti: familia moja, vizazi vinne, kampuni inayojali jamii. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikasirika, na hasira haijaniisha.

Vizazi vinne vya nani? Lebo huhesabu wenye shamba, ilhali katika Rasi ya Magharibi, jimbo la Afrika Kusini lenye mashamba hayo ya divai, ziko familia za wachuma zabibu zilizokaa katika mashamba hayo hayo tangu enzi za babu, zikilala katika nyumba zisizo zao, na hakuna anayeziandika kwenye chupa. Mababu hao walilipwa sehemu ya ujira wao kwa divai, kwa desturi iliyoitwa dop, ambayo sheria iliikataza miaka ya 1960 lakini ikaendelea mashambani kwa miongo kadhaa. Leo eneo hilo ni miongoni mwa yanayoongoza duniani kwa watoto waliodhurika wakiwa tumboni mwa mama zao kwa pombe. Mwaka 2011 shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch lilieleza habari za wafanyakazi wasio na choo wala maji ya kunywa kazini. Mwaka uliofuata vibarua wa mashamba ya zabibu ya De Doorns, katika jimbo hilo hilo, ambao ujira wao wa chini kisheria ulikuwa randi 69 kwa siku, waligoma na kufunga barabara wakidai 150, na Machi 2013 kiwango kikapanda hadi 105. Nyongeza hiyo haikuletwa na huruma ya mwenye shamba yeyote.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba wapo wanaotenda. Familia ya Torres wa Catalonia, walio katika kazi hiyo tangu 1870, waliungana na Jackson wa California mwaka 2019 kuanzisha umoja wa viwanda vya divai unaopunguza hewa ya ukaa. Vema sana, hewa ya ukaa haidai mshahara.

Wala sisi wa Bushi, huku Kivu Kusini, tusijifanye watakatifu kwa kuwa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, haina lebo. Ndizi huvundikwa shimoni hadi ziive, hukamuliwa kwa nyasi, na maji yake huchanganywa na unga wa mtama uliokaangwa. Kisha mama na binti zake huteremka na bidoni za pombe hiyo mgongoni kutoka Kabare, kijijini, hadi soko la Kadutu mjini Bukavu, na jioni pesa huhesabiwa na mwanamume aliyebaki nyumbani. Shamba la migomba nalo hurithiwa na kaka, hata kama dada ndiye aliyelipalilia miaka yote. Biashara ya familia ni mahali rahisi pa kuficha kazi isiyolipwa, Kabare kama Stellenbosch ya divai huko Afrika Kusini.

Mwenye kiwanda anayetaka dola zangu aandike kwenye chupa mchumaji analipwa kiasi gani, nyumba anamolala ni ya nani, na wafanyakazi wana hisa ngapi katika shamba. Kwa sasa nitanunua kasiksi, na pesa nitamkabidhi mama aliyeibeba, mkononi mwake, si kwa mumewe.