Kipimo cha malaria kimekataa, doksi itolewe?

Mama wa Kibosho ana homa siku ya tano. Kipimo cha haraka kimetoa mstari mmoja: malaria hana. Anaondoka na amoksilini na sipro kwenye bahasha ya kaki. Hakuna aliyemuuliza kuhusu mbuzi wake aliyetupa mimba wiki tatu nyuma, wala kondo aliyoizoa kwa mikono mitupu.

Wanaotaka mgonjwa kama huyu aanzishiwe antibiotiki ya doksisaiklini, yaani doksi, bila kungoja maabara huonekana wazembe wa dawa. Lakini zitazameni hesabu za hapahapa Moshi. Mwaka 2007 na 2008 walichunguzwa wagonjwa 870 wa homa waliolazwa hospitali za KCMC na Mawenzi. Madaktari waliwaandikia malaria 528. Waliokuwa nayo kweli ni 14. Kumi na nne tu! Kati ya waliopimwa magonjwa ya bakteria yatokayo kwa wanyama, asilimia 26.2 walikutwa nayo: homa ya mgunda, homa za kupe, na mbili ambazo mtu huweza kuzipata kwa mbuzi aliyetupa mimba, homa ya Q na brusela. Doksi hutibu tatu za mwanzo kwa wiki moja au mbili. Amoksilini haifui dafu kwa homa za kupe wala kwa homa ya Q.

Upande wa pili unahofia usugu wa bakteria kwa dawa, na hofu hiyo si ya kubezwa. Ila ingekuwa na uzito zaidi kama yule mama angerudi nyumbani mikono mitupu. Tayari kabeba antibiotiki mbili, tena za kubahatisha. (Baadhi ya watalii wanaopanda Kilimanjaro humeza doksi hiyohiyo kila siku kujikinga na malaria, wala hatuwapigii kelele.)

Kwa wajawazito, sawa, itafutwe dawa nyingine.

Hoja inayoninyima usingizi ni ya brusela. Yenyewe hutaka doksi wiki 6, pamoja na sindano za streptomaisini au vidonge vya rifampisini, dawa ambayo wagonjwa wa kifua kikuu wanaitegemea. Ukimpa mtu doksi peke yake siku saba, homa itashuka, atarudi bandani kukamua, kisha baada ya miezi kiuno kinamkaza na jasho la usiku linarudi. Hapo wanaosema tusubiri wana haki. Kwa hiyo damu ya yule mama ichukuliwe kabla ya kidonge cha kwanza, apewe tarehe ya kurudi, na majibu yakisema brusela, dawa ya pili iongezwe siku hiyohiyo na doksi iendelee hadi wiki 6.